Sato wamevamia bwawa la kijiji, tunawatoaje?

Lambo_75
Wakuu, habarini. Bwawa letu lipo bonde la Kilombero, mita 20 kwa 30, maji yanaingia kwa mfereji wa mtoni na lina bomba la kutolea. Tulipandikiza perege wa huku. Sasa limejaa sato wadogo wasiokua. Tumewavua kwa nyavu, wanarudi. Kuna wanaosema tutie utupa, ule mmea wa sumu ya samaki. Tufanyeje?

FundiMabwawa
Utupa achaneni nao, kuvua kwa sumu ni kosa kisheria. Nyavu peke yake hazitoshi: jike la sato huatamia mayai mdomoni, akibaki mmoja tu mmeanza upya.

Subirini kiangazi. Vueni, toeni maji, vidimbwi vyote vikaushwe. Tope likiwa bado bichi mwageni chokaa isiyozimwa, kilo 10 hadi 15 kwa mita za mraba 100. Kwenu ni kilo 60 hadi 90. Tope likikauka kabisa chokaa haiunguzi, mtakuwa mmeimwaga bure. Vaeni glovu na miwani, upepo uwe mgongoni. Baada ya wiki mbili jazeni maji, na msipande samaki kabla pH (kipimo cha ukali wa maji, asidi au alkali) haijashuka chini ya 9.

Kokoro
Nyongeza kwenye chokaa. Madukani mara nyingi utapewa ya kilimo, yaani mawe yaliyosagwa. Hiyo hupunguza asidi tu, haiui samaki. Ijaribuni kwa maji kidogo: isiyozimwa hupata joto na kufoka.

Maji mnayotoa yasirudi mtoni! Yapelekeni shambani, na mdomo wa bomba ufungwe wavu wa matundu ya milimita 1. Sato huzaana na perege wa asili, na hapo mto mzima unapata chotara.

Lambo_75
Je, tukiwachambua perege tukawahifadhi kwenye matangi?

Kokoro
Hapana. Sato halisi ana mistari ya wima mkia mzima, lakini chotara humtambui kwa macho. Mwombeni afisa uvuvi awaonyeshe mbegu safi ya perege, yaani vifaranga wasio chotara.

FundiMabwawa
Na mfereji msiusahau, huenda ndiko walikoingilia. Wekeni wavu wa matundu makubwa wa kuzuia majani, nyuma yake wa milimita 1. Huo wa pili uwe kama sanduku. Ukiwa bapa huziba haraka, maji yanapita juu na vifaranga vyake. Masika usafishwe kila siku. Kambale watapunguza vifaranga, ila hawawamalizi, na vifaranga wa perege nao wataliwa vilevile.