Tupeane uzoefu: uliuza au kutopapu (kuitoa yadi na kuongeza hela uchukue nyingine) gari yenye rangi kali, ilikuwaje?

Mleta mada, Morogoro

Habari zenu wakuu. Naombeni tukae kwenye hii mada kidogo, maana kwenye matangazo tunaulizana namba, kilomita, injini na jina kwenye kadi, rangi inapitwa juu juu halafu siku ya kuuza ndo inakuja kukukaba shingo.

Nina Vitz ya 2008, rangi ya chungwa, chungwa la kiwandani kabisa siyo nyekundu iliyopauka. Niliagiza 2019, na sababu ya kuichukua ni kwamba silva yenye kilomita zilezile ilikuwa juu kwa dola 250, nikasema hiyo hela naweka matairi mapya. Ushuru ukaja uleule tu, kikokotoo cha TRA kinakuuliza gari gani, mwaka gani, cc ngapi, rangi hakiulizi. Gari nimeitunza, sijawahi kuigonga, rangi haijaguswa hata mlango mmoja.

Sasa familia imeongezeka, watoto watatu na mama mkwe yupo nyumbani, nikaenda yadi moja Dar nitoe Vitz niongeze hela nichukue gari kubwa kidogo. Kijana akaizunguka, akafungua boneti, akaiwasha, akaisifia mwenyewe injini imetulia, halafu akaniambia dada gari nzuri ila rangi hii inanifunga mikono. Akanipa milioni 5.5. Pembeni yake palepale kuna Vitz nyeupe, namba ya usajili ya D kama yangu, bodi imeshapigwa rangi ubavu mzima, anaiuza milioni 8.2! Najua na yeye lazima apate faida yake, lakini hiyo tofauti iliniuma. Akaongeza kwamba nikiipiga nyeupe atanipa 7. Fundi rangi wa hapa Moro kaniambia kazi nzima milioni 1.6.

Nipo njia panda. Aliyewahi kuuza gari ya rangi za hivi, njano, kijani, pinki, zambarau, chungwa, naomba atuambie ilikuwaje, alipoteza ngapi, ilikaa sokoni muda gani.

Mdau, Mwanza

Dada usipige hiyo rangi. Nakuomba, ngoja nikuambie yangu kwanza.

Nilikuwa na RunX nyekundu, jua la huku Kanda ya Ziwa likaila bonneti na paa ikawa kama imemwagiwa majivu, nyekundu mnajua inavyopauka. Dalali akanishauri piga nyeupe itatoka wiki moja. Nikatoa milioni 1.3, jamaa akapiga nje, akagusa gusa kwenye milango, kazi kwa mbali ilikuwa nzuri kweli. Wateja wakaanza kuja. Wa kwanza akafungua boneti akakuta nyekundu. Akanyanyua zulia la buti, nyekundu. Akashika kadi, imeandikwa nyekundu. Akaniangalia usoni akaniuliza kaka hii gari ni ya kwako? Mimi nina gari yangu halali na risiti zote lakini pale nilijiona kama mwizi. Wa pili aliondoka bila hata kuuliza bei ya mwisho. Wa tatu akasema hii ilipinduka mkaificha na rangi.

Ikabidi nianze safari za ukaguzi na kubadilisha rangi kwenye kadi, kitu ambacho ilitakiwa nikifanye mapema maana rangi ni sehemu ya utambulisho wa gari, askari akikusimamisha kadi inasema hivi na gari iko vile hapo lazima muongee. Hadi nakuja kuuza ilikuwa mwezi wa nne, nilipata milioni 9.5. Kabla ya kupiga rangi kuna mtu alinipa milioni 9.8 nikamkatalia. Ukijumlisha na hela ya fundi, fanyeni wenyewe hesabu.

Mteja anaogopa kitu kilichofichwa kuliko anavyoogopa rangi.

Mdau, Dar (anaagiza magari Japani)

Naunga mkono hapo juu. Na hata Japani iko hivyo hivyo, kwenye karatasi ya mnada kuna mahali wanaandika kama gari limebadilishwa rangi, na likiandikwa hivyo wanunuzi wanashusha mkono hata kama gari ni zima.

Niwaeleze kidogo huko zinakotoka. Nyeupe ya lulu kwa Wajapani ni ya kulipia zaidi tangu gari ikiwa mpya, halafu nyeupe na nyeusi ndo zinapandishana kwenye mnada. Chungwa, njano, pinki, kijani cha ndimu mara nyingi zinaondoka chini kidogo hasa vigari vidogo. Kwa hiyo dada yangu ulipewa punguzo la dola 250 ulipoingia, yadi wao wanataka kulirudisha lile punguzo mara tano wakati unatoka. Ushuru ukishachanganyika humo, hilo punguzo la mwanzo linakuwa asilimia ndogo sana ya hela yote uliyotoa, ndo maana mimi wateja wangu nawaambia kama unachukua rangi kali sababu ya bei tu, acha. Chukua kama unaipenda na utakaa nayo.

Ila siyo gari zote. Gari ya michezo inabebwa na rangi yake. Subaru Impreza WRX STI ya bluu ileile ya rali kijana anaongeza hela juu yake, ukimletea ya silva anakuambia subiri kwanza. Na Toyota wenyewe mwaka 2013 walitoa Crown Athlete ya pinki, oda zilifunguliwa mwezi mmoja tu. Crown! Gari ya wazee wa Kijapani. Hiyo mtu akiipata haiuzi kama pinki ya Passo.

Kwenye Toyota angalia kile kibati cha kwenye injini au nguzo ya mlango, pameandikwa C/TR, ile ya kwanza ndo namba ya rangi. 040 nyeupe ya kawaida, 070 nyeupe ya lulu, 202 nyeusi, 1F7 silva. Mteja anayejua anaanzia pale kabla hajagusa mlango.

Mdau, Tanga

Mimi yangu fupi. IST kijani. Dalali wa kwanza akasema hii hainunuliki, punguza milioni mbili. Nikaacha madalali nikapeleka picha kwenye grupu la mashabiki wa Yanga wilayani kwetu. Siku ya nne ikaondoka, mzee mmoja fundi cherehani, hakuomba kupunguziwa hata laki. Alinikuta na bei yangu ya milioni 11.5 akalipa 11.5. Ningekuwa naiuza kwa jirani yangu wa Simba hata bure asingeichukua, na huyo jirani ni rafiki yangu wa damu.

Rangi kali wateja wake ni wachache ila wapo, ukiwangoja barabarani hawaji, wafuate walipo.

Mdau, Arusha

Nyongeza ndogo kwa wanaodhani rangi za kawaida zote ni salama. Nyeusi huku kwetu ni mateso, vumbi linaonekana, mikwaruzo ya vitambaa vya kuoshea inaonekana, nilikatwa laki sita kwenye Mark X sababu ya ile mikwaruzo tu. Silva niliuza Raum siku mbili.

Mdau, Nairobi

Salamu kutoka hapa Nairobi. Mimi nilikuwa na Mazda Demio ya zambarau, nzuri sana, nilipenda hiyo gari. Nikaenda kufanya tredi-in (ndiyo hiyo kutopapu yenu) kwenye yadi fulani, wakanipatia shilingi 420,000 za Kenya. Nikauliza shida ni gani, wakasema madam, wanaume hawawezi shika hii, na wanaume ndio wengi wanaokuja na pesa taslimu. Nikarudi nayo nyumbani.

Kitu nilifanya, niliandika rekodi zote za sevisi, nikapiga picha mchana kwa jua vizuri bila kuficha ile rangi, maana watu wengi wanapiga picha jioni ili ionekane kama bluu, halafu mteja anatoka Thika mpaka hapa anakuta zambarau anakasirika. Nikasema kwa tangazo wazi ni zambarau, ya mwanamke mmoja, ukipenda njoo. Wiki tatu simu hazikuwa nyingi, labda tano tu. Lakini kati ya hao watano wanne walikuwa wamekuja wakijua wanataka hiyo rangi, hakuna aliyetumia rangi kunishusha. Nikauza 530,000 kwa msichana nesi, hiyo ndiyo gari yake ya kwanza.

Na hapa kwetu pia rangi iko kwa logbook, ukibadilisha unafaa kupitia NTSA (mamlaka ya usafiri), kwa hivyo yule ndugu wa Mwanza amesema ukweli.

Mdau, Dodoma

Naomba niongelee upande ambao haujaguswa, ukarabati. Nina Mazda CX-5 ile nyekundu inayong'aa, Soul Red. Wakati naitafuta kila mtu ananiambia hiyo rangi haina shida hiyo ndo yenyewe, na ni kweli, kwenye CX-5 nyekundu inatafutwa. Tatizo lilikuja bodaboda aliponichuna mlango wa nyuma pale karibu na stendi. Ile rangi siyo tabaka moja, chini kuna tabaka la chenga chenga za chuma, juu yake nyekundu inayopitisha mwanga, halafu kliakoti, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Fundi akachanganya, akapiga, asubuhi kivulini unaona sawa kabisa, saa sita juani mlango unaonekana wa gari nyingine. Akarudia. Bado. Nikapeleka Dar, wakalazimika kupiga ubavu wote ili macho yasione inapoishia, laki nane na nusu ikaenda kwa mkwaruzo ambao kwenye nyeupe ya kawaida ningelipa laki moja na nusu.

Nimekuja kuipeleka kutopapu mwaka jana, jamaa ana kile kifaa cha kupima unene wa rangi, akagusa ubavu huo akakuta rangi nene, akasema hapa paligongwa. Nikamwonyesha picha za kabla na risiti. Ndo zilizoniokoa, angenikata zaidi ya milioni moja aliyonikata. Kwa hiyo mwenye rangi ngumu kama hii akichunwa apige picha kabla fundi hajashika msasa, na risiti atunze.

Mdau, Texas

Wakuu mimi ni Mtanzania niko Marekani, nilikuwa na Subaru Crosstrek ya chungwa, chungwa kali lile. Huku nilipoenda kufanya tredi-in sikukatwa kwa ajili ya rangi, kinyume chake mwuzaji alifurahi, maana maegesho yake yote yalikuwa nyeupe, kijivu, nyeusi.

Kuna kampuni ya huku inaitwa iSeeCars walichambua magari ya miaka mitatu mwaka 2023, wastani wa kushuka thamani ulikuwa asilimia 22.5, njano ilishuka asilimia 13.5 tu, nyeupe 21.9, na iliyoshuka kuliko zote ilikuwa rangi ya dhahabu, 25.9. Niliposoma nilishangaa sana. Lakini msiichukue hivyo hivyo mkaenda kuagiza Passo njano, maana sehemu ya sababu ni kwamba huku njano nyingi ziko kwenye magari ya michezo ambayo yenyewe tu hayashuki haraka. Kilichonifunza pale ni ile nyeupe. Haikuwa na maajabu, iko jirani na wastani, kwa sababu mnunuzi akikosana na wewe anavuka barabara anakuta nyingine tatu. Nyeupe inakuuzia haraka, haikuuzii ghali.

Na huko nyumbani soko ni dogo, mwenye gari la chungwa anahitaji mtu mmoja tu, ila huyo mtu mmoja anaweza kuchelewa. Dada kama huna haraka ya hela subiri.

Mleta mada, Morogoro

Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Nimesoma kila neno, na ya Mwanza nimemsomea mume wangu kwa sauti maana yeye ndo alikuwa ameshapanga siku na fundi. Tumeacha kupiga rangi. Nimeipeleka tu kupolishiwa, elfu sitini, nimepiga picha saa nne asubuhi na moja ya kibati cha C/TR na moja ya ndani ya boneti watu waone chungwa ni lilelile kila mahali. Nimeweka milioni 7.5 maelewano yapo. Nitaleta mrejesho.

Mleta mada, Morogoro (mrejesho)

Wakuu imeuzika. Siku ya 38. Haikuwa rahisi, wiki mbili za kwanza simu zilikuwa za madalali watupu, kila mmoja anaanza na "dada hiyo rangi", nikawa najibu rangi ni hiyohiyo na bei ni hiyohiyo. Kuna siku nilikaribia kuwapigia yadi nikubali ile 5.5, ada za shule zilikuwa zimefika.

Aliyenunua ni mama mmoja wa hapahapa Moro anasambaza juisi maofisini, chupa zake na aproni za wasichana wake zote za chungwa. Alikuwa anaiona ninapopita Msamvu tangu mwaka juzi, hakujua kama inauzwa mpaka mdogo wake alipomwonyesha tangazo. Alikuja na fundi wake, fundi akakagua saa nzima, akapima mpaka chini, mwisho akamwambia mama chukua. Tukamalizana milioni 7.1. Mama akaniuliza swali moja tu, kama kile kichupa cha rangi ya kugusia nilichokuwa nacho kwenye droo ya gari kinabaki. Nikamwambia kinabaki.

Tumeandikishana kwa mwanasheria jana, Jumatatu tunaenda TRA kuhamisha kadi.