Miezi minne bila mshahara, kisha nikasainishwa kwamba siidai klabu hata senti: malalamiko ya mcheza kikapu wa ughaibuni

Wanajamvi, salaam.

Nimekaa kimya tangu mwisho wa Machi kwa sababu wakala wangu aliniambia kwamba mchezaji anayepayuka hadharani hapati klabu nyingine. Leo ni Agosti, klabu sina na wakala sina, kwa hiyo sioni tena ninachokilinda kwa kunyamaza. Klabu ninayoilalamikia sitaitaja, kwa kuwa karatasi niliyosaini inanikataza kuitaja, na karatasi hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Itoshe kusema kwamba ni klabu ya daraja la pili katika nchi mojawapo ya Balkani, kwenye mji mdogo wenye kiwanda cha saruji na baridi ambayo mtoto wa Upanga, Dar es Salaam, hawezi kuizoea hata akikaa miaka kumi.

Mimi ni mcheza kikapu wa kulipwa. Nina umri wa miaka 31, urefu wa mita 2.01, nimecheza misimu 9 katika nchi 7, na sidhani kama kuna mtu humu aliyewahi kulisikia jina langu. Hilo halinisumbui, maana kazi yetu ndivyo ilivyo: klabu ikipata majeruhi inampigia wakala, wakala ananipigia mimi, ninapanda ndege na jozi mbili za viatu, ninakaba watu warefu kuliko mimi na kunyakua ribaundi, msimu ukiisha ninafunga begi. Watu walimshangilia Tylor Ongwae wa Kenya alipoitungua Angola kwa mtupo wa mwisho kule Yaoundé, Februari 2021, 74 kwa 73, Kenya ikarudi AfroBasket, yaani kombe la Afrika la kikapu, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Wakati ule riziki yake ilikuwa Denmark. Ni wangapi waliojiuliza mchezaji wa ughaibuni analipwa na nani, kwa utaratibu gani, na asipolipwa anamlilia nani?

Nilisaini Agosti mwaka jana. Tulikubaliana euro 1,800 kwa mwezi, nyumba, na tiketi ya kwenda na kurudi. Nilipofika nikakuta makaratasi mawili. La kwanza, lililopelekwa kwenye shirikisho la nchi ile, lilisema euro 500. La pili liliitwa mkataba wa haki za picha, na humo ndimo zilimofichwa euro 1,300 zilizobaki, eti ni malipo ya klabu kutumia sura yangu kwenye matangazo. Sura yangu haikuwahi kubandikwa hata kwenye mlango wa ukumbi. Wakala alisema huo ndio utaratibu wa huko kwa ajili ya kodi, kila mtu anafanya hivyo, nisilete ushamba. Nikasaini. Kosa hilo ni langu na silikwepi.

Hizo 1,300 nilikuwa ninazipokea ndani ya gari la meneja wa timu, nyuma ya ukumbi, injini ikinguruma ili hita isizimike. Alikuwa na bahasha za kaki zilizoandikwa namba za jezi badala ya majina, na daftari la hesabu la mtoto wa shule. Nilihesabu noti, nyingi zikiwa za ishirini-ishirini, kisha nikatia sahihi kwenye daftari kwa kalamu ya risasi, kwa sababu kalamu ya wino hakuwahi kuwa nayo. Septemba, Oktoba, Novemba. Desemba gari halikuja, na zile 500 za benki nazo hazikuingia.

Kuanzia hapo maisha yakawa ya kuambiwa Alhamisi. Mfadhili ataleta fedha Alhamisi. Halmashauri ya mji itapitisha ruzuku Alhamisi. Januari mwenye nyumba alikuja kunigongea mlango akiwa na bili mkononi, kwa kuwa klabu haikuwa imelipa kodi ya pango tangu Oktoba, na wiki iliyofuata mabomba ya joto yakapoa. Nililala na koti na soksi mbili. Asubuhi nilikwenda mazoezini, kwa sababu mkataba ulisema nikikosa mazoezi mara mbili bila ruhusa ninakatwa faini, na niwaambieni ukweli, faini ndiyo sehemu pekee ya mkataba ule iliyofanya kazi kwa wakati. Februari nilitegua kifundo cha mguu katika robo ya tatu. Daktari wa klabu alinichoma sindano ya ganzi, nikacheza mechi mbili zaidi juu ya mguu uliovimba kama boga, huku nikiwa sijalipwa mishahara miwili.

Sasa nije kwa wakala, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. Asilimia 10 ya wakala hulipwa na klabu, na kwa mkataba wangu ililipwa yote siku chache baada ya mimi kufaulu vipimo vya afya. Maana yake ni kwamba kufikia Septemba yeye alikwishachukua chake cha msimu mzima. Desemba klabu ilipoacha kulipa, hakupungukiwa hata senti. Juu ya hilo alikuwa na wachezaji wengine watatu palepale, na alitarajia kupeleka wengine msimu unaofuata. Mtu wa namna hiyo atagombana na klabu kwa niaba ya nani? Mkataba wangu ulikuwa na kifungu kinachoniruhusu kuuvunja iwapo mshahara utachelewa siku 60, mradi niwe nimetoa notisi ya maandishi kwa barua ya rejista. Mara tatu nilimwambia tuandike notisi hiyo. Mara zote tatu alinijibu kwamba nisiharibu uhusiano.

Katikati ya Machi klabu moja ya Ghuba ilinitaka nikamalizie msimu, euro 3,000 kwa mwezi, miezi miwili. Wasioijua kazi hii waelewe kwamba mchezaji hahami nchi kwa kupanda ndege tu. Kwa kanuni za FIBA (shirikisho la kikapu la dunia), shirikisho la nchi ulikotoka lazima litoe barua ya ruhusa kwenda shirikisho la nchi unakokwenda, na linaweza kuikataa ikiwa bado una mkataba na klabu yako. Kanuni yenyewe ni nzuri, inazuia watu kutoroka. Lakini kwa kuwa notisi haikuandikwa, mkataba wangu ulikuwa hai hadi Juni, na klabu isiyonilipa tangu Desemba ilikuwa na haki ya kuandika kwamba mimi ni mchezaji wake halali. Walilijua hilo. Katibu aliniita ofisini Machi 26, akanisogezea kurasa mbili, upande mmoja lugha yao na upande mwingine Kiingereza. Zilisema kwamba pande zote zimekubaliana kuvunja mkataba, kwamba deni la klabu kwa mchezaji ni 0.00, na kwamba mchezaji hatazungumza na vyombo vya habari. Zile sifuri tatu zilikuwa zimepigwa chapa nzito. Nisaini, barua itoke leo. Nisiposaini, nibaki mpaka Juni.

Nilisaini. Barua ilitoka baada ya siku tano, na dirisha la kusajili wageni kule Ghuba lilikuwa limefungwa siku mbili kabla yake. Nikakosa huku na kule. Tiketi ya kurudi Dar es Salaam alininunulia dada yangu.

Najua kuna watakaouliza mbona sikwenda BAT. Swali ni halali, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu. BAT ni baraza la usuluhishi la mpira wa kikapu lililoanzishwa chini ya FIBA mwaka 2007, makao yake ya kisheria yakiwa Geneva. Msuluhishi mmoja anaamua kwa haki na usawa bila kufungwa na sheria za nchi yoyote, na klabu ikikaidi uamuzi, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya. Ni chombo chenye meno, nimeona wenzangu waliolipwa kupitia humo. Lakini BAT haisikilizi shauri mpaka pande zote ziwe zimekubaliana kwa maandishi kulipeleka huko. Kifungu cha 11 cha mkataba wangu kilitaja kamati ya migogoro ya shirikisho la nchi ile. Kamati hiyo inatambua mkataba ulioandikishwa kwake peke yake, yaani ule wa euro 500, kwa hiyo deni la 7,200 mbele yao lingekuwa 2,000, kabla klabu haijawaonyesha ile karatasi yenye sifuri. Na hata kama kifungu kingeitaja BAT, kuna ada ya kufungua shauri isiyorudishwa, kuna amana ya gharama za msuluhishi, kuna wakili. Mwenye kudai euro 200,000 anapiga hesabu anaona inalipa. Mimi wa 7,200 je? Klabu hizi zinajua kabisa deni la ukubwa gani halina mtu wa kulifuatilia, na mishahara yetu inapangwa chini ya kiwango hicho.

Nimalizie na maneno ninayotupiwa hapa mtaani, kwamba nimerudi "kama Thabeet". Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009, yaani uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, mbele ya James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba. Februari 2010 Memphis ilimshusha Dakota, timu ya ligi ndogo, kisha akaenda Houston, Portland, Oklahoma City, Grand Rapids, baadaye Yokohama na Taiwan. Huyo mnamwita aliyefeli? Mtu aliyeendelea kupata ajira ya kikapu zaidi ya miaka kumi baada ya drafti anaijua kazi hii kuliko wote wanaomcheka. Na alipoanza, alianza mahali ambapo mkataba wa mchezaji wa raundi ya kwanza unalindwa miaka miwili ya mwanzo na kuna chama cha wachezaji kinachousimamia. Mimi neno "dhamana kamili" lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, kwa herufi kubwa, na nimelala na koti.

Sababu ya kuandika leo na si mwezi ujao ni hii. Juzi kijana mmoja wa Don Bosco, Upanga, mwenye miaka 22, amenitumia picha za mkataba wake wa kwanza wa nje. Klabu ni nyingine, nchi ni ileile, wakala ni yuleyule. Mshahara wa kwenye karatasi ni euro 400, mengine yanasubiri "haki za picha". Kifungu cha 11 hakijabadilishwa hata nukta. Nimemwandikia asisaini mpaka kifungu hicho kiitaje BAT, fedha zote ziandikwe kwenye mkataba mmoja, na siku za kuchelewa zipunguzwe kutoka 60 hadi 20, notisi ya barua pepe ikitosha. Amenijibu: "Kaka, tiketi imeshatumwa."

Mwenye ujuzi wa mikataba ya michezo humu, au aliyewahi kumtetea mchezaji wetu mbele ya kamati za huko, naomba anijibu hapahapa kabla ya Ijumaa. Ndege ya kijana ni Jumamosi usiku.