Walimu mliokaa kazini miaka mingi: mlifikaje nyumbani mkiwa wazazi?

Mama Wawili, Umoja

Hamjambo wenzangu. Mimi nafundisha Gredi ya 4 katika shule moja ya serikali huku Eastlands. Darasa lina watoto zaidi ya sitini. Nyumbani nina wawili: mkubwa yuko Gredi ya 2, mdogo bado yuko chekechea.

Juzi jioni nilikuwa nimeketi na mkubwa sebuleni tukifanya kazi ya ziada, hesabu za kutoa kwa kukopa. Sauti yangu ilikuwa imekauka na madaftari ya darasa langu yalikuwa yamejaa mezani yakingoja kusahihishwa. Katikati ya hesabu akanyoosha mkono. Nikamwuliza anataka nini. Akasema, "Mwalimu, naomba kwenda choo."

Mimi ni mama yake. Choo kiko pale pale nyuma ya mlango.

Usingizi haukunijia usiku ule. Watoto wa watu nawajua vizuri. Najua nani huja bila kunywa chai, nani baba yake amehama, nani ameanza kukohoa. Wangu, sijui rafiki yake wa shuleni anaitwa nani. Natoka kabla hajaamka, narudi saa moja jioni na mfuko wa madaftari, na saa moja na nusu inayobaki inaishia kwenye kazi ya ziada, kuoga na kulala.

Nyinyi mliofundisha mkalea hadi watoto wakawa watu wazima, mliwezaje?

Mwalimu wa Kayole

Dada, pole, lakini usijitese. Mtoto wa mwalimu ana bahati. Jirani zangu hapa wanalipa mtu aje kufundisha watoto wao jioni, sisi hilo tunalo nyumbani bure. Na kwa mtaala huu wa sasa huwezi kukwepa, shule inatuma kazi za mikono kila wiki na mzazi lazima akae chini na mtoto. Wangu nawafundisha kila jioni na matokeo nayaona.

La madaftari nakubaliana nawe. Yasahihishie shuleni. Mimi siondoki kabla ya saa kumi na moja na mfuko wangu hurudi nyumbani mtupu.

Mwalimu Mstaafu, Jericho

Binti yangu, nimekusoma mara mbili, halafu nikaweka simu chini nikawaza.

Nilianza kufundisha mwaka 1986, mwaka wa pili wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, nikastaafu 2022 nilipotimiza miaka sitini. Wakati wote huo nilikuwa shule za msingi za hapa Nairobi, na watoto wangu wanne wamekulia Jericho katika nyumba ya kaunsili, vyumba viwili na jikoni. Kwa hiyo ninakujibu kwa niliyoyaishi.

Mtoto wako anapimwa kutwa nzima. Mwalimu wake anampima, wenzake wanampima, kitabu kinampima. Akifika nyumbani akakuta mtu mwingine mwenye kalamu nyekundu, atanyoosha mkono, afanye nini tena? Hana mahali ambapo hakuna anayempa alama. Hapo ndipo penye shida, na hapo ndipo ningeanzia.

Mimi nilikuwa na leso. Nikifika mlangoni nilivua viatu, nikanawa vumbi la chaki hadi kwenye viwiko, nikajifunga leso juu ya gauni la kazi. Watoto walijua kwamba nikishafunga leso, habari za shule zimekwisha. Wakubwa walikuwa wanamkataza mdogo kuniletea daftari. Ilikuwa sheria ya nyumba kama ile ya kutokula kabla baba hajanawa.

Madaftari hayakuvuka mlango wangu, na haikuwa rahisi. Januari 2003, elimu ya msingi ilipotolewa bila karo, watoto walimiminika hata tukawaketisha sakafuni. Wengine walikuwa vijana wakubwa waliokuwa wakiuza karanga Jogoo Road mwezi mmoja tu uliopita. Darasa namna hiyo, hakuna mwalimu anayeweza kusahihisha kila daftari kila siku, na asikudanganye mtu. Tulibadilishana madaftari darasani, kila mtoto akasahihisha la jirani yake huku mimi nikiandika majibu ubaoni, kisha nikachukua ya safu moja tu kuyapitia mwenyewe. Kesho safu nyingine. Yalibaki kabatini, kufuli ikafungwa.

Sasa nikueleze habari ya mboga, maana ndiyo niliyotaka kukuandikia hasa.

Mzee wangu alikuwa fundi wa mabomba na alichelewa kurudi. Jioni nilikuwa peke yangu na watoto na chakula cha kupika. Nilikuwa nikinunua kunde kwa mama mboga wa pale kona, mafungu makubwa yenye udongo, nayatandaza juu ya gazeti sakafuni, na sote tunaketi kuzunguka. Kunde ni kazi. Unashika kikonyo, unakikunja, na pale kinapokataa kukunjika unavunja. Kigumu kinabaki kwenye gazeti, jani linaingia kwenye beseni. Ukivunja juu sana unapoteza mboga, ukivunja chini sana mtu anatafuna kamba. Mikono ina shughuli, macho yako chini, hakuna anayemtazama mwenziwe usoni.

Hapo ndipo watoto wangu walizungumza. Sikuwahi kuwauliza "siku yako ilikuwaje", kwa sababu hilo ni swali na mtoto wa mwalimu akisikia swali anatafuta jibu sahihi. Nilinyamaza nikavunja vikonyo. Baada ya muda mmoja angeanza. Mwanangu wa pili alinisimulia hapo juu ya gazeti kwamba kuna wavulana wakubwa waliokuwa wakimnyang'anya hela ya chakula njiani, karibu na uwanja. Binti yangu, alipovunja ungo, aliniambia akiwa ameshika jani mkononi. "Mama, leo nimeona damu." Hakuinua kichwa, nami sikuinua changu. Nilimwambia tu amalizie lile fungu lililo mbele yake kisha tuingie ndani pamoja. Ndugu zake walikuwa pale pale wakibishana kuhusu mpira, hawakusikia lolote.

Angekuwa ameketi mezani mbele yangu na kitabu kimefunguliwa, nina hakika asingeniambia.

Kwa hiyo ukiniuliza saa moja na nusu yako uitumie vipi, nitakuambia uikate katikati, na nusu moja uwape kazi ya mikono mnayofanya pamoja, kazi ambayo nyumba inaihitaji kweli. Isiwe ya kufundishia. Usihesabu vikonyo naye ili ajue kujumlisha. Watoto wanagundua upesi.

Mwalimu wa Kayole, nakuheshimu, na sikatai kwamba wako wanafaulu. Lakini mimi kazi ya ziada ya wanangu niliwaachia wengine. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa fundi cherehani. Watoto wake walikuja kwangu Jumamosi asubuhi kwa hesabu, wangu wakaenda kwake kwa ushonaji, na kwa mambo ya shule walisaidiana wenyewe kwa wenyewe. Mtoto wa jirani ukimfundisha hakuogopi kuliko anavyokupenda. Wako mwenyewe akikosea mbele yako anaona amekuvunja moyo.

Mmoja wangu nilimfundisha darasani mwangu, hapakuwa na njia nyingine. Tulikubaliana mapema kwamba getini naitwa mwalimu na nyumbani naitwa mama. Na mambo ya wenzake niliyoyajua kazini sikuyataja kamwe mezani, wala alama zake sikumwambia kabla wenzake hawajaambiwa. Kiboko kilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001 kuna walimu waliosema, basi tutamalizia nyumbani kwa watoto wetu. Kwangu hakikuingia. Mtoto wa mwalimu tayari anachapwa na kila mwalimu mwenzako ili asionekane anapendelewa, na hilo ni baya sana, nililikemea hadi siku ya mwisho kazini.

Mengine kwa kifupi. Ukoo utakuona una mshahara wa kila mwezi na watakutumia watoto wa kusoma mjini. Pokea unaowaweza tu. Likizo za Agosti na Desemba wapeleke kwa nyanya yao. Wangu walikwenda Mwala, wakala muthokoi, wakarudi na Kikamba kilichonyooka na miguu yenye vumbi jekundu. Na wakati wa mgomo wa Oktoba 1997 ndipo wangu waliponiona nyumbani mchana kwa mara ya kwanza siku za shule. Mdogo alikuwa akiamka asubuhi anakuja kunigusa bega kuhakikisha bado nipo. Mshahara tulikuwa tukiupigania na nilikuwa na kila sababu ya kuupigania, lakini lile bega nililielewa.

Mtoto wa Mwalimu, Dandora

Mimi si mwalimu, ni mtoto wa mwalimu. Baba yangu alifundisha Kiingereza katika shule niliyosoma.

Nilipokwenda bweni kidato cha kwanza nilimwandikia barua. Baada ya wiki mbili ikarudi, ile ile yangu, imesahihishwa kwa wino mwekundu, na chini ameandika "Vizuri, ongeza bidii", pamoja na noti ya shilingi mia mbili. Nilikuwa nimemwandikia kwamba ninalia usiku. Alisahihisha tahajia ya neno hilo.

Sisemi haya kwa uchungu. Alinipenda, na noti ile alijinyima. Lakini huyo mama wa Jericho amesema kweli tupu.

Kitu kilichotuunganisha kilikuwa Gikomba. Jumamosi moja moja tulikwenda kutafuta viatu vya mitumba. Baba hakujua bei. Mwenye kibanda akitaja elfu moja, yeye anaingiza mkono mfukoni. Mimi ndiye niliyekuwa nageuza kiatu, nabonyeza soli, nanusa gundi, namwambia mwuzaji "hii imeshonwa upya, nitakupa mia nne". Baba alisimama nyuma yangu kimya, ananiangalia nikifanya kazi ninayoijua. Mara ya kwanza alipoona nimeshinda aliwaambia watu pale, "Huyu ni wangu." Shuleni hakuwahi kusema hivyo, hata nilipokuwa nambari moja.

Dada wa Umoja, tafuta kitu ambacho mtoto wako anakijua kukushinda.

Mwalimu wa Kayole

Hii ya barua imenigusa. Mwalimu wetu wa Jericho, nimekusikia. Sitaacha kuwafundisha kabisa, sina jirani fundi cherehani, na huyu wa Gredi ya 6 yuko nyuma kwa kusoma, siwezi kukaa kimya. Ila Jumatano na Ijumaa nitaziacha bila vitabu. Nitaangalia.

Mwalimu Mstaafu, Jericho

Mwanangu, mtoto aliye nyuma kwa kusoma msaidie, hilo silo nililolikataa. Ila msome pamoja gazeti au maandishi ya matatu, kitu ambacho hakina maswali mwishoni.

Mama Wawili, Umoja

Nimesoma yote nikiwa stejini na nimekosa matatu mbili.

Mwalimu, asante kutoka moyoni. Swali langu moja: wewe ulifika nyumbani mapema kidogo. Mimi nikifika giza limeingia, na baba yao ni mlinzi wa usiku Industrial Area. Tunapishana mlangoni. Ananikabidhi watoto na ufunguo, basi. Kunde zenyewe nikianza kuchambua saa moja watakula saa tatu wakisinzia.

Mwalimu Mstaafu, Jericho

Basi usichukue kunde. Chukua viatu vya shule. Kila jioni lazima vipigwe rangi, sivyo? Wekeni gazeti chini baada ya kula, brashi mbili, kopo moja. Mkubwa apake, wewe ung'arishe, mdogo ashike kamba. Ni dakika chache tu na hakuna atakayejua kwamba mnazungumza. Mboga chambua Jumapili alasiri za siku mbili tatu, zifunge kwenye gazeti kavu.

Na huyo baba yao mnamwacha nje ya hesabu. Analala asubuhi, lakini watoto wa Gredi ya 2 hurudi mapema, na kabla hajaenda lindo kuna muda. Mwachie yeye kazi ya ziada. Asiwe na wasiwasi wa kukosea, makosa ya baba hayamtishi mtoto. Wewe ukifika ukute daftari limefungwa na usilifungue. Hata ukiona kuna jibu si sahihi, liache, mwalimu wake ataliona kesho, ndiyo kazi yake.

Mzigo wa madaftari mweleze naibu wa mwalimu mkuu. Mwombe kipindi kimoja cha mwisho cha siku usipangiwe zamu ya uwanjani. Wengi hukubali ukiomba kwa heshima na ukienda na ratiba mkononi.

Mama Wawili, Umoja

Nimemwambia mume wangu leo tulipopishana. Amekubali hesabu na Kiswahili. Kiingereza amesema atamwuliza mtoto amfundishe yeye, na mtoto amefurahi kupita kiasi, tayari ametafuta kipande cha chaki.

Ya naibu nitayaleta Jumatatu.