UTI hainiachi, mwezi wa tatu huu. Naombeni ushauri

Ua la Jioni:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mwezi wa tatu sasa nasumbuliwa na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Nimepima mara mbili, zote naambiwa ninayo. Nimemaliza sipro, nikamaliza azuma, zote antibayotiki za kumeza, juzi nimechomwa sindano siku tano. Dozi ikiisha hali inarudi, na safari hii imezidi: nawashwa usiku silali, nikikojoa pananichoma. Mume wangu amenuna, anahisi nimemletea ugonjwa. Sina mimba. Nimechoka jamani.

Mama Pacha:
Pole sana mdogo wangu. Hiyo UTI sugu hata mimi ilinitesa. Menya punje ya kitunguu saumu, weka ukeni usiku, asubuhi itoe, kisha jisafishe ndani kwa maji ya ndimu.

Nesi wa Zamu:
Mama Pacha, najua unamtakia mema, lakini hilo asilifanye. Kitunguu kinaunguza ngozi laini ya ndani. Na uke una bakteria wake wazuri, wanautunza kwa tindikali yao. Ukiusukutua kwa ndimu au sabuni unawavuruga.

Ua la Jioni, nijibu haya. Ukikojoa unaungua ndani, au nje pale mkojo unapogusa ngozi? Uchafu unaotoka ukoje? Na mkojo wa kupima uliukinga wapi?

Ua la Jioni:
Asante dada. Ni nje, kwenye mashavu ya uke, pamevimba pamekuwa pekundu. Uchafu ni mweupe mzito kama maziwa mgando, hauna harufu. Mkojo niliukinga nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, maabara nikafika saa tano. Cheti kiliandikwa kuna chembe za usaha.

Nesi wa Zamu:
Sijakuona, kwa hiyo sikuandikii dawa. Ila unayoyaeleza yanafanana na fangasi kuliko UTI. UTI ya kibofu inachoma ndani, inakupeleka chooni kila mara unatoa matone, na tumbo la chini linauma. Haikuwashi hivyo. Dawa ulizomeza zimeua na bakteria wazuri, fangasi wakapata nafasi ya kuzaana, ndiyo maana kila dozi ikiisha unawashwa zaidi.

Na huo mkojo ulikaa kwenye mkoba kwa muda wa saa tano na joto hili! Bakteria wachache huzaliana humo wakawa wengi. Tena uchafu wa ukeni ukiingia kwenye kopo, chembe za usaha zitaonekana hata kama kibofu ni kizima.

Rudi kituo cha afya, waambie wachukue majimaji ya ukeni kwa pamba wayapime. Mkojo ukinge palepale: nawa kwa maji, tenganisha mashavu, wa kwanza uache uende, wa katikati ndio uingie kwenye kopo. Kama wanaweza kuuotesha maabara, waone kama kuna bakteria wanaokua, waombe. Ikithibitika ni fangasi, kuna klotrimazo ya kuingiza ukeni au flukonazo ya kumeza, ambayo mjamzito hatakiwi kujimezea. Mume mwambie fangasi hata bikira anapata.

Mtoto wa Pwani:
Mimi yangu ilikuwa majimaji mepesi ya kijivu na shombo la samaki, hasa baada ya tendo. Nikahangaika na dawa za fangasi bure, kumbe ni bakteria wa ukeni waliovurugika. Nilipewa metronidazo siku 7, ikakata.

Baba Wawili:
Mke wangu fangasi zilikuwa zikirudi kila mwezi. Alipopimwa, sukari ilikuwa juu. Dada, pima na sukari.

Nesi wa Zamu:
Kweli kabisa. Na yeyote akiona uchafu wa njano au kijani wenye povu, apimwe yeye na mwenzake, watibiwe wote. Ukipata homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni nyuma, usingoje kesho, huenda ni figo. Mjamzito naye akiungua mkojo aende mapema.

Ua la Jioni:
Nimetoka kituoni leo. Wameona fangasi, mkojo hauna kitu, sukari iko sawa. Nimepewa vidonge 6 vya kuingiza, kimoja kila usiku. Mume nilikwenda naye, daktari akamweleza mwenyewe. Tulivyorudi amenibebea mkoba hadi nyumbani.