Bursa na mama mwenye maumivu ya magoti: kwenda na kurudi, au tulale?

dada_mzigo
Salaam jamani. Mwezi wa 11 naenda Istanbul kuchukua mzigo Laleli, mtaa wa maduka ya jumla, na safari hii naongozana na mama. Ana miaka 67, magoti yanamtesa, presha anayo ila dawa anameza. Kasikia mji wa Bursa kuna maji ya moto yanayotoka ardhini, basi hanipi raha. Nina siku mbili tu za kupumua. Twende asubuhi turudi jioni, au tulale? Na huo mlima Uludağ, mtu wa magoti anafikaje?

nahodha_mstaafu
Kutoka Laleli nenda Eminönü, pana boti za kampuni ya BUDO hadi Mudanya, bandari ya Bursa, kama masaa mawili. Kutoka Mudanya ni basi, kisha metro. Ila upepo wa kusini, wenyewe wanauita lodos, ukivuma boti zinafutwa. Ikiwa hivyo pandeni basi la barabarani, linapita daraja la Osmangazi la mwaka 2016.

mkwe_wa_shangazi
Laleni, tena laleni Çekirge, mtaa wa Bursa. Ndiko kwenye hamamu, nyumba za kuogea za maji ya asili, na hoteli nyingine zinavuta maji hayo hayo hadi ndani. Mgonjwa wa magoti akitoka kwenye joto anataka kitanda, hataki kukimbizana na boti.

Kosa letu sisi ni mpangilio. Nilikwenda na shangazi ya mume wangu, siku ya kwanza mbingu safi, tukasema mlima kesho. Kesho yake upepo, teleferik, ile kebo ya kupandia mlima, imefungwa! Uludağ ina mita 2,543, tukaishia kuitazama kupitia dirishani. Kwa hiyo mkifika na kumetulia, wekeni mizigo mwende moja kwa moja kituo cha Teferrüç. Mnapanda mmekaa, magoti hayahusiki. Chukueni makoti, juu ni nchi nyingine.

Hamamu iwe jioni. Yule mama wa kusugua, natır, alimlaza shangazi juu ya jiwe la marumaru lenye joto, akavaa kese, mfuko wa kitambaa kinachokwaruza kama dodoki, akaanza na mgongo. Nongo zikatoka zimejiviringa kama tambi. Shangazi, mtu wa kuoga mara tatu kwa siku, aibu ikamshika, akawa anajitetea kwa Kiswahili: "Mwambie nimeoga asubuhi!" Natır akacheka, akammwagia bakuli zima la maji kichwani.

Magoti hayakupona, nisikudanganye. Lakini usiku ule hakuamka kujikanda.

dada_mzigo
Nimecheka hadi machozi. Sasa mavazi? Mama hawezi kukaa uchi mbele za watu.

mkwe_wa_shangazi
Hamamu za kienyeji wanawake wana upande wao, au siku zao, ulizeni kabla. Mnapewa peştemal, kama kikoi, na nguo ya ndani anabaki nayo. Sakafu inateleza vibaya mno, mshike mkono. Kwa presha, daktari wake aulizwe kabla hamjasafiri, na akiingia majini dakika kumi zatosha, atoke, anywe maji.

msomi_wa_chai
Mnazungumzia maji tu, na huo mji ndio uliokuwa makao makuu ya Waosmani baada ya mtawala wao Orhan kuuchukua mwaka 1326! Mpeleke mama Ulu Cami, msikiti mkuu wa mji. Wanasimulia kuwa Sultani Bayezid aliweka nadhiri ya kujenga misikiti ishirini akishinda vita vya Nikopoli vya 1396, kisha akajenga mmoja wenye kuba ishirini. (Hesabu ya mfanyabiashara, dada_mzigo utaielewa.) Ndani katikati kuna chemchemi ya kutawadhia, chini ya kuba lenye kioo, na sauti ya maji inasikika huku unaswali. Jirani tu ni Koza Han, jengo la soko la 1491, kulikouzwa vifukofuko vya viwavi vya hariri. Siku hizi ni skafu, na chai uani chini ya miti. Mama akae hapo, wewe uzunguke.

Halafu mle İskender: nyama ya döner, kama shawarma, juu ya vipande vya mkate, mtindi pembeni, kisha mhudumu anakuja na siagi ya moto na kuimwaga mbele yenu, inachachatika.

dada_mzigo
Nimeshachukua chumba Çekirge, usiku mmoja. Nimemsomea mama yote haya. Kasema mlima nipande mwenyewe nikitaka, yeye nimkute majini.