Shangazi na sigara za usiku

Mama Salma: Wifi kanipigia usiku wa manane. Hajalala, yuko barazani anavuta. Na Jumatatu ana mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani.

Baba Mdogo Hamisi: Mwacheni, shemeji. Mtu ana saratani ya titi, mnamnyima hata cha kumtuliza?

Salma nesi: Shikamoo baba mdogo. Haimtulizi. Nikotini inaamsha tezi zilizo juu ya figo, zinamwaga adrenalini na kotisoli. Moyo mbio, presha juu. Ndizo homoni za mfadhaiko zenyewe hizo.

Baba Mdogo Hamisi: Mbona mimi nikivuta natulia?

Salma nesi: Ni arosto. Kila baada ya kama saa mbili nusu ya nikotini imeshapungua mwilini, unakuwa mkali, unawasha nyingine, arosto inakata.

Idi: 😂😂 Kapatikana

Mama Salma: Idi acha. Na usingizi je?

Salma nesi: Kotisoli hupanda asubuhi ukiamka, halafu hushuka taratibu mpaka usiku, mwili ulale. Kwa wagonjwa wengi wa saratani mpangilio huo huvurugika. Kule Stanford, Marekani, walipima mate ya wanawake ambao saratani ya titi ilishasambaa, wakatoa matokeo mwaka 2000. Ambao kotisoli haikushuka vizuri walifariki mapema kuliko wenzao. Hawakusema ni sigara, na ya shangazi haijasambaa, kwa hiyo msimtishe! Nasema tu tusiuongezee mwili kazi.

Baba Mdogo Hamisi: Akiacha ghafla si ndo stresi zitazidi?

Salma nesi: Wiki za mwanzo ni ngumu, sidanganyi. Zikipita, wengi wanakuwa na wasiwasi mdogo kuliko walipokuwa wanavuta. Mimi kinachonitisha zaidi ni mionzi. Inapigwa kifuani, mapafu yapo hapohapo. Ukichanganya na sigara, hatari ya saratani ya mapafu baadaye inapanda.

Shangazi Mwanaisha: Nawasoma tu. Daktari hajaniuliza, nami sijamwambia. Naona haya, mwanamke mzima kunuka sigara.

Salma nesi: Mwambie shangazi, hatakugombeza. Kuna vibandiko vya nikotini, kuna ushauri. Yeye ndiye aamue kipi kinakufaa.

Shangazi Mwanaisha: Haya, Jumatatu nitasema. Ila anayenipeleka ni Hamisi, na gari lake moshi mtupu.

Baba Mdogo Hamisi: Nalipeleka kuoshwa leo dada.

Shangazi Mwanaisha: Kuosha tu?

Baba Mdogo Hamisi: Na sivuti ukiwemo.

Shangazi Mwanaisha: Saa kumi na mbili na nusu uwe mlangoni.