Nataka kuajiri mafundi cherehani wakimbizi Nairobi. Nianzie wapi?

Karakana Githurai:
Habari wadau. Nashona sare za shule hapa Githurai, na kuanzia Novemba kazi hunizidi kwa sababu kila mzazi anataka zake kabla ya Januari. Kanisani kwetu kuna Mkongo anayeshona kuliko mafundi wengi niliowahi kuwalipa. Nataka kumwajiri yeye na wenzake wawili kwa mkataba unaoeleweka. Mhasibu wangu anasema niachane nao, eti msako ukija nitashikwa mimi. Aliyewahi kufanya hivi anielekeze.

Mama Mikasi:
Inawezekana, mwanangu. Mhasibu ana sababu ya kuogopa, lakini dawa si kuwaacha hao watu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa na kufanya biashara. Haki hiyo ni ya aliyekwisha kutambuliwa. Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri hajafika hapo. Basi mwombe kitambulisho cha mkimbizi na barua ya kutambuliwa, utazame na tarehe ya kuisha.

Halafu kuna kibali cha kazi cha daraja M, ambacho ni cha wakimbizi, kinatoka Uhamiaji. Hapa ndipo waajiri tunawaumiza watu. Tunamwambia fundi alete kibali kwanza ndipo tumwajiri, na akienda kukiomba anaulizwa barua ya mwajiri. Anazunguka wee, mwisho anarudi kwa yule anayemlipa nusu bila karatasi yoyote. Wewe andika barua kwanza: kazi gani, mshahara kiasi gani, mkataba wa muda gani. Tia saini, gonga muhuri. Aende nayo Idara ya Huduma za Wakimbizi apate mapendekezo, ndipo ombi liende Uhamiaji. Usingoje Novemba, na usimkalishe kwenye cherehani kabla kibali hakijatoka.

Kumpima, vyeti viweke kando. Mimi humpa fundi shati la shule lililokwisha kukatwa, vipande vyote na uzi, nikamwachia mashine. Akimaliza nalipindua nje ndani. Natazama ncha za kola kama zinalingana, natazama kwapani pale mshono wa mkono unapokutana na wa ubavu, natazama kama amefunga mwisho wa mshono au ameuacha ufumuke. Fundi wangu mmoja wa Bukavu, Kongo, alikuja bila cheti hata kimoja, na kola zake sijaona mfano. Baadaye alifanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, sasa ana cheti cha hapa Kenya.

La mshahara nalisema kwa uchungu. Kule kwenye kambi za Kakuma na Dadaab, mkimbizi anayefanyia mashirika kazi hulipwa posho wanayoiita insentivu, ndogo sana ukiilinganisha na mshahara wa Mkenya. Wengi wameizoea, na ukiwapa kidogo hawatabishana nawe. Usiwafanyie hivyo. Mlipe sawa na Mkenya wa meza hiyo hiyo, umkatie NSSF ya uzeeni na SHA ya matibabu kama wengine.

Njia Fupi:
Mbona mnajisumbua? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Waje kama raia wa Jumuiya, mambo ya wakimbizi yaishe.

Mama Mikasi:
Sheria inaruhusu, kaka, ila kwa hiari yake: anaachia hadhi ya ukimbizi ndipo afuate haki za Jumuiya. Ukiiachia, umeachia na ulinzi wake. Mtu aliyekimbia bunduki aamue hilo mwenyewe, akiwa ameshauriwa na wakili. Mwajiri asimsukume hata kidogo.

Fundi wa Uvira:
Aksanti mama, umesema kweli tupu. Miye ni fundi, niko Kasarani. Naongeza mambo ya kazini. Sisi kwetu Kongo tunapima kwa sentimita, hapa mnapima kwa inchi. Ukimwambia mtu kiuno thelathini bila kumwonyesha upande wa inchi kwenye utepe wa kupimia, ataharibu kitambaa, nawe utafikiri hajui kazi. Siku ya kwanza mpe vipimo vimeandikwa.

Mshahara uanze kwa M-Pesa kama laini ni ya jina lake. Benki moja ilikikataa kitambulisho changu, mhudumu alikuwa hajawahi kukiona. Nyingine ilinifungulia akaunti vizuri. Mwajiri akienda nawe, wanakusikiliza haraka zaidi. Hilo linaniuma, lakini ndivyo ilivyo.

Kupata watu, madalali wa nini? Ongea na wachungaji wa makanisa ya Wakongo huku Kasarani na Kayole, watatuma tangazo kwenye makundi ya WhatsApp. Andika mshahara kwenye tangazo. Tumeitwa mara nyingi kwa kazi isiyotajwa bei.

Karakana Githurai:
Asanteni sana. Barua tatu naziandika leo usiku, na mshahara nautaja. Mama Mikasi, nikutumie moja uitazame kabla sijagonga muhuri?

Mama Mikasi:
Tuma. Na majina uyaandike herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kitambulisho.